Je, Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki umekuza biashara? Unapimwaje, na kazi ya mchumi wa biashara ya kimataifa inajengwaje?

Kitabu_cha_Ushuru aliuliza:

Wakuu, salaam. Naandaa tasnifu ya uzamili kuhusu Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kutekelezwa 1 Januari 2005. Nataka kujua kama umeongeza biashara kati ya wanachama, au biashara hiyo ingekua tu hata bila umoja wenyewe.

Mpango ulivyo sasa: nchi tano (Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi), miaka 2000 hadi 2019. Upande wa kushoto naweka logi ya mauzo ya nje. Upande wa kulia naweka Pato la Taifa la nchi zote mbili, umbali kati ya miji mikuu, lugha, mpaka wa pamoja, na kiashiria cha 0 au 1 cha uanachama. Mahali ambapo biashara ni sifuri naongeza 1 kabla ya kuchukua logi.

Naomba kujua kama mpango huu unasimama, data nitoe wapi, na kwa anayetaka kuifanya fani hii kuwa kazi ya maisha, njia yake ikoje. Natanguliza shukrani.

---

Mvutano:

Mkuu, swali ni zuri, ila kwa mpango huo utapata namba isiyojibu swali. Nianze na sampuli, maana hapo ndipo tatizo kubwa lilipo.

Nchi tano zinatoa jozi 20 kwa mwaka (Kenya kwenda Uganda ni jozi moja, Uganda kwenda Kenya ni nyingine). Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya 1 Julai 2007 na kuanza kutumia umoja wa forodha Julai 2009. Kuanzia hapo jozi zote 20 zina 1, hakuna iliyobaki na 0 ya kulinganishwa nayo. Barabara mpya, kupanda kwa bei ya mafuta, ukuaji wa uchumi, vyote vitamezwa na ile 1 na wewe utaviita umoja wa forodha. Chukua nchi zote zenye data. Nchi 190 zinatoa jozi 35,910 kwa mwaka, na kwa miaka 20 ni mistari 718,200. Inaonekana mingi, lakini kompyuta ya kawaida yenye RAM ya GB 8 inaibeba.

La pili ni Pato la Taifa na umbali. Modeli ya mvutano ilianza hivyo kwa Jan Tinbergen mwaka 1962: biashara hukua kwa ukubwa wa chumi mbili na hupungua kwa umbali kati yao. Ilitabiri vizuri, lakini nadharia nyuma yake ilikuwa nyembamba. James Anderson aliipa msingi mwaka 1979, na mwaka 2003 yeye na Eric van Wincoop walionyesha kwamba biashara ya nchi mbili haitegemei gharama kati yao peke yake. Inategemea pia gharama za kila mmoja wao kwa wengine wote duniani. Australia na New Zealand zinauziana sana kwa sababu pande zote nyingine ni bahari na safari ndefu. Ukizichukua zikiwa na umbali uleule na kuziweka katikati ya Ulaya, zitauziana kidogo zaidi.

Kuliacha hili kunapotosha kiasi gani? John McCallum, mwaka 1995, kwa data za 1988, alipata kwamba majimbo ya Kanada yanafanya biashara yenyewe kwa yenyewe mara 22 zaidi ya yanavyofanya na majimbo ya Marekani yenye ukubwa na umbali sawa. Anderson na van Wincoop walipoingiza hizo gharama za pande nyingine, mpaka ulibaki kupunguza biashara kati ya Marekani na Kanada kwa takriban asilimia 44. Ni mpaka uleule. Richard Baldwin na Daria Taglioni waliliita kosa hili la medali ya dhahabu. Kosa la medali ya shaba ni kugawanya thamani ya biashara kwa fahirisi ya bei ya Marekani ili kupata thamani halisi. Acha thamani kama zilivyo, kwa dola za mwaka husika.

Tiba ni athari thabiti (fixed effects), yaani kiashiria cha pekee kwa kila kundi la data, za aina tatu: muuzaji kwa mwaka, mnunuzi kwa mwaka, na jozi. Mbili za kwanza hubeba Pato la Taifa, bei, sera za ndani, vita, ukame, na hizo gharama za pande zote. Ya tatu hubeba umbali, lugha, mpaka, na historia. Na hiyo historia ni nzito: Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na Jumuiya ya kwanza kuanzia 1967 hadi ilipovunjika 1977, na hazikuchaguana kwa bahati nasibu. Scott Baier na Jeffrey Bergstrand walieleza jambo hili mwaka 2007: nchi husaini mikataba na wale ambao tayari zina sababu ya kufanya nao biashara. Walipodhibiti athari za jozi, waliona mkataba wa biashara huria kwa wastani unakaribia kuongeza biashara ya wanachama maradufu baada ya miaka kumi.

La tatu, achana na logi upande wa kushoto. Kuongeza 1 ni hatari kwa sababu jibu linategemea kipimo ulichotumia. Biashara ya dola 500 ukiipima kwa dola, logi ya 501 ni 6.2. Ukiipima kwa maelfu ya dola, logi ya 1.5 ni 0.4. Sifuri inabaki 0 katika hali zote mbili, kwa hiyo umbali kati ya "hakuna biashara" na "biashara ya dola 500" umebadilika mara kumi na tano kwa sababu ya kipimo tu. João Santos Silva na Silvana Tenreyro, mwaka 2006, walionyesha pia kwamba hata bila sifuri, logi hupotosha pale mtawanyiko wa makosa unapobadilika kati ya jozi na jozi, na kwenye biashara hubadilika karibu kila mara. Tumia makadirio ya Poisson, yale yanayojulikana kwa kifupi PPML. Thamani inaingia ikiwa nzima, sifuri zikiwemo.

Kwenye R, programu ya takwimu, kwa kifurushi cha fixest, ni mstari mmoja (eac, kifupi cha Kiingereza cha Jumuiya, ni kiashiria cha uanachama):

`fepois(biashara ~ eac + mikataba_mingine | muuzaji^mwaka + mnunuzi^mwaka + muuzaji^mnunuzi, data = d, cluster = ~muuzaji^mnunuzi)`

Kwenye Stata amri ni ppmlhdfe. R ni ya bure.

Kusoma jibu: koefishenti, yaani namba inayotoka mbele ya kiashiria, si asilimia. Kokotoa e kwa kipeo cha koefishenti, toa 1, zidisha kwa 100. Koefishenti ya 0.3 ni ongezeko la asilimia 35, ya 0.8 ni asilimia 123. Wengi huandika "asilimia 80" hapo na mtahini huliona mara moja.

---

Mizigo_na_Karatasi:

Naongezea kwenye data, kwa sababu modeli nzuri juu ya data mbovu ni kazi bure.

Chanzo mama ni Comtrade ya Umoja wa Mataifa. Kila mauzo yanaweza kuonekana mara mbili: muuzaji anaripoti alichouza nje, mnunuzi anaripoti alichoingiza. Namba hizo hazilingani karibu kamwe, na sababu zake zinafahamika. Mauzo ya nje huandikwa kwa thamani ya FOB, yaani mzigo ukiwa umepakiwa tu. Uagizaji huandikwa kwa CIF, yaani pamoja na bima na nauli. Kwa mzigo wa Burundi au Rwanda uliopitia Dar es Salaam au Mombasa, nauli ni sehemu kubwa ya bei, kwa hiyo usitumie ile asilimia 10 ya jumla inayotumika kila mahali.

Halafu mnunuzi huandika nchi ya asili, wakati muuzaji huandika nchi ya mwisho anayoijua mzigo unakwenda. Lori linaloondoka Mombasa likiandikwa Uganda linaweza kuishia Sudan Kusini au mashariki mwa Kongo. Mafuta yaliyosafishwa, namba 2710 katika HS, mfumo wa kimataifa wa misimbo ya bidhaa, yanapita hivyo kwa wingi sana. Kuna na ukwepaji wa ushuru. Raymond Fisman na Shang-Jin Wei, mwaka 2004, walilinganisha rekodi za Hong Kong na za China, wakaona kwamba kodi ikipanda kwa pointi moja ya asilimia, pengo kati ya rekodi hizo linapanuka kwa takriban asilimia 3. Pengo lenyewe ni data, mtu anaweza kuandika tasnifu nzima juu yake.

Kama huna muda wa kupatanisha pande mbili mwenyewe, tumia BACI, hifadhidata ya biashara ya CEPII, taasisi ya Paris. Wao wameshapatanisha. Thamani ziko katika maelfu ya dola, uzito katika tani. Faili za HS92 zinaanzia 1995, na hizo ndizo uchague, kwa sababu ukitumia toleo la HS 2012 huwezi kurudi 2000. Umbali, lugha, ukoloni na mikataba ya biashara viko kwenye hifadhidata yao ya Gravity.

Mambo manne ya kukagua kabla ya kukadiria chochote:

Sifuri. Faili hizi hazina mistari ya sifuri kabisa. Biashara isipokuwepo, mstari haupo. Ni lazima utengeneze mraba kamili wa jozi na miaka, kisha ujaze 0 mahali palipo wazi. Ila nchi ikiwa haikuripoti mwaka huo na wenzake wote hawakuripoti juu yake, hapo ni pengo, usijaze.

Sudan. Hadi 2011 msimbo ni 736, nchi moja. Kuanzia 2012 ni 729 kwa Sudan na 728 kwa Sudan Kusini. Soko la Juba ni muhimu kwa wauzaji wa Uganda na Kenya, kwa hiyo ukiacha misimbo ilivyo, utaona biashara "imekufa" na nyingine "imezaliwa" mwaka 2012. Ama unganisha zote ziwe moja, ama zianzishe kama jozi mpya na uandike umefanya hivyo. Ubelgiji na Luxembourg nazo ziliripoti pamoja hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, ingawa kwa kipindi chako hilo halina madhara.

Dhahabu, namba 7108. Inatembea kwa ndege, thamani yake ni kubwa, na inaporipotiwa kutoka nchi fulani haimaanishi ilichimbwa hapo. Kadiria mara mbili, pamoja nayo na bila yake. Majibu yakitofautiana sana, ripoti yote mawili.

Biashara ndogo ya mipakani. Mahindi, maharage na mitumba vinavyovuka Busia au Namanga kwa baiskeli na bodaboda havimo Comtrade. Ofisi ya takwimu ya Uganda pamoja na Benki Kuu ya nchi hiyo hufanya utafiti wa biashara isiyo rasmi mipakani. Usichanganye namba hizo na za forodha ndani ya regresheni moja, kwa sababu nchi nyingine hazina zinazofanana nazo. Ziweke kwenye sura ya mjadala.

---

Kitabu_cha_Ushuru:

Ahsanteni sana. Nimepakua BACI na kuendesha ule mstari wa fixest. Yamejitokeza matatu. Kwanza, nilijaribu kuacha Pato la Taifa na umbali ndani, programu ikaviondoa vyote. Pili, imeondoa maelfu ya mistari ya sifuri na kutoa onyo. Tatu, msimamizi anataka nipime pia kama umoja umehamisha biashara kutoka kwa nchi za nje. Nimeweka kiashiria cha pili, "mnunuzi yumo, muuzaji hayumo", nacho kimeondolewa. Nimekosea wapi?

---

Mvutano:

Mawili ya kwanza hujakosea. Pato la Taifa la Kenya mwaka 2010 ni namba moja kwa jozi zote za Kenya mwaka huo, na athari thabiti ya Kenya kwa mwaka 2010 imeshaibeba. Umbali haubadiliki, jozi imeubeba. Programu ikiviondoa ujue imefanya kazi yake. Mistari iliyoondolewa ni ya jozi ambazo hazijawahi kufanya biashara hata mwaka mmoja: athari yao ya jozi inakimbilia chini bila kikomo, na hawana habari yoyote ya kutoa. Andika idadi iliyobaki chini ya jedwali, basi.

La tatu ni la hesabu. Mnunuzi akiwa mwanachama, muuzaji ama yumo ama hayumo. Jumlisha viashiria vyako viwili: jibu ni "mnunuzi ni mwanachama", ambalo tayari limo ndani ya athari ya mnunuzi kwa mwaka. Kinachoweza kupimwa ni tofauti kati ya viwili hivyo. Kimoja kimoja hakipimiki.

Njia ya kutoka ni kuingiza mauzo ya ndani, yaani kile Uganda inachojiuzia yenyewe, kama jozi ya Uganda na Uganda. Hapo mnunuzi ana njia tatu: kununua nyumbani, kwa mwanachama, au nje. Biashara ya nyumbani inakuwa kipimo cha kulinganishia na viashiria vyote viwili vinapumua. Lakini usitumie Pato la Taifa kutoa mauzo ya nje ili kupata mauzo ya ndani. Pato la Taifa ni thamani iliyoongezwa, mauzo ya nje ni thamani nzima pamoja na malighafi, na kwa nchi zenye biashara kubwa utapata namba hasi. Tumia thamani ya uzalishaji wa viwanda kutoka UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, au hifadhidata ya ITPD-E ya Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani, ambayo imeshaunganisha uzalishaji na biashara. Kwa nchi zetu ina mapengo, kwa hiyo hesabu miaka mingapi unayo kwa kila nchi kabla ya kuahidi chochote kwenye pendekezo.

Na msimamizi wako ana haki ya kulidai hilo. Jacob Viner alilitenganisha mwaka 1950: umoja unaweza kuzalisha biashara mpya, au kuhamisha tu ununuzi kutoka kwa mgeni wa bei nafuu kwenda kwa mwanachama wa bei ghali. Uganda kabla ya 2005 ilikuwa na viwango vya ushuru vya asilimia 0, 7 na 15. Wigo wa Pamoja, yaani ushuru mmoja wa wanachama wote dhidi ya nchi za nje, ulileta 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa za kati, 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Kwa Uganda, ukuta dhidi ya wageni ulipanda siku ileile mlango wa majirani ulipofunguliwa. Hakuna nafasi bora ya kuona uhamishaji kuliko hapo.

Jaribio moja zaidi usiliache: weka kiashiria cha uanachama kikiwa kimetangulia kwa miaka mitatu. Kikionyesha athari kubwa kabla umoja haujaanza, ujue unapima kitu kingine.

---

Ushuru_wa_Pamoja:

Wakuu wamesema vizuri. Mimi nina shaka na hicho kiashiria cha 0 na 1 chenyewe. Kinasema sheria ilibadilika kwa wote, siku moja, kwa kiasi kimoja. Haikuwa hivyo.

Itifaki ya 2004 iliweka utaratibu usio sawa. Bidhaa za Uganda na Tanzania ziliingia Kenya bila ushuru tangu 1 Januari 2005. Bidhaa za Kenya zilizoorodheshwa ziliendelea kulipa zikiingia kwa wenzake: Uganda ilianza na asilimia 10, ikashuka pointi 2 kila mwaka hadi 0 mwaka 2010. Kwa Tanzania viwango vilitofautiana kwa bidhaa, navyo vikaisha muda huohuo. Kwa hiyo Uganda kwenda Kenya na Kenya kwenda Uganda ni matukio mawili tofauti, na jozi zako zina mwelekeo tayari. Tumia hilo.

Na COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, je? Kenya ilikuwa kwenye eneo huria la biashara la COMESA tangu 2000, Rwanda na Burundi zikaingia 2004. Maana yake bidhaa ya Kenya yenye cheti cha uasili wa COMESA ilikuwa ikiingia Kigali bila ushuru miaka mitano kabla Rwanda haijaanza umoja wa forodha. Kwa jozi hiyo, kiashiria cha EAC kinabadilika wakati ushuru haubadiliki. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 na iko SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kwa hiyo Tanzania na Rwanda ndiyo jozi ambayo ushuru ulishuka kweli mwaka 2009. Tenganisha jozi hizi. Zikitoa koefishenti zinazofanana, basi kilichofanya kazi si ushuru, ni mengine: utaratibu wa forodha, imani ya wafanyabiashara, barabara. Kwangu mimi hiyo ndiyo sura yenye thamani zaidi katika tasnifu nzima.

Bora zaidi, weka ushuru wenyewe. Uandike kama logi ya moja jumlisha ushuru, na ushuru wa asilimia 25 ni 0.25. Nimeona kazi zenye logi ya 25, na sifuri zake zikatupwa bila mwandishi kujua. Unyumbufu, yaani biashara hupungua kwa asilimia ngapi gharama ikipanda kwa asilimia moja, unaotumika mara nyingi uko karibu na 5. Kwa unyumbufu huo, kuondoa ushuru wa asilimia 10 kunazidisha biashara kwa 1.1 kipeo cha 5, yaani 1.61. Kuondoa wa asilimia 25 kunazidisha kwa 3.05. Koefishenti yako ikisema umoja umezidisha biashara mara sita, jiulize imetoka wapi.

Usitumie wastani wa ushuru uliopimwa kwa thamani ya biashara. Bidhaa yenye ushuru mkali haiingii, kwa hiyo uzito wake ni karibu na sifuri, na nchi yenye ukuta mrefu inaonekana iko wazi. Orodha ya bidhaa nyeti ina sukari kwa asilimia 100, mchele 75, maziwa 60, mahindi 50. Hizo ndizo zinazopotea kwenye wastani wa namna hiyo.

Jambo la mwisho ni Gazeti la Jumuiya. Kila mwaka wa fedha, kuanzia 1 Julai, nchi huruhusiwa kutotumia kiwango cha Wigo wa Pamoja kwa bidhaa fulani na kutumia kingine, na viwanda hupewa msamaha wa ushuru kwa malighafi. Kitabu cha ushuru kinasema 25, Gazeti linasema nchi fulani itatoza 10 au 35 kwa mwaka mmoja. Tangu 1 Julai 2022 asilimia 35 ni ngazi ya nne rasmi. Hifadhidata za ushuru za kimataifa huchelewa kunasa haya au huyakosa. Kwa bidhaa chache unazozichambua kwa kina, fungua Gazeti mwaka kwa mwaka uandike kwa mkono.

---

Njia_ya_Uchumi:

Nijibu sehemu ya kazi, maana imeachwa.

Kwanza hesabu. Anayetaka uzamivu anahitaji kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra mstari, nadharia ya uwezekano, na ikiwezekana uchanganuzi halisi (real analysis). Mwaka wa kwanza wa uzamivu ni uchumi mdogo (wa mtu na kampuni), uchumi mkubwa (wa taifa zima) na ekonometriki, kisha mtihani wa kufuzu. Wengi wanaoshindwa hushindwa hapo, na mara nyingi ni kwa ukosefu wa hesabu, akili wanayo. Afrika kuna AERC, mtandao wa utafiti wa uchumi wenye makao Nairobi tangu 1988, unaoendesha uzamili na uzamivu kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya umma, Dar es Salaam na Nairobi vikiwemo. Marekani uzamivu huchukua miaka mitano au sita, na idara nyingi zinazochukua wanafunzi wa uzamivu hulipa ada na posho.

Usomaji una mpangilio wake. Paul Krugman, 1979 na 1980: kwa nini nchi zinazofanana zinauziana bidhaa zinazofanana. Jonathan Eaton na Samuel Kortum, 2002: nadharia ya David Ricardo, ya kila nchi kuuza kile inachokiweza zaidi kwa kulinganisha, ikiwa na nchi nyingi na umbali. Marc Melitz, 2003: kwa nini ndani ya sekta moja ni kampuni chache tu zinazouza nje, na biashara ikifunguliwa dhaifu hufungwa na zenye tija hukua. Hiyo ya Melitz ilitokana na tasnifu yake ya Michigan. Kisha Arkolakis, Costinot na Rodríguez-Clare, 2012, walioonyesha kwamba katika modeli hizi nyingi faida ya biashara inapatikana kwa namba mbili tu: sehemu ya matumizi inayobaki nyumbani na unyumbufu. Nchi inayotumia asilimia 75 nyumbani, kwa unyumbufu wa 5, ingepoteza takriban asilimia 5.6 ya kipato halisi ikifunga mipaka. Kokotoa mwenyewe: 1 toa 0.75 kipeo cha moja ya tano.

Halafu data ambayo wengine hawana, na hapa ndipo jina hujengwa. Dave Donaldson alitaka kujua reli zilifanya nini India ya wakoloni. Alitumia bei za chumvi. Kila aina ya chumvi ilizalishwa mahali panapojulikana, kwa hiyo tofauti ya bei kati ya kwao na wilaya ya mbali ilikuwa gharama ya usafirishaji. Data ilitoka kwenye kumbukumbu za utawala, wilaya kwa wilaya. Uzamivu ulikamilika 2009, makala ikachapishwa jarida la American Economic Review 2018, na kati yake, 2017, alipata medali ya John Bates Clark, inayopewa mchumi wa Marekani aliye chini ya miaka 40. Pima muda huo unapopanga maisha yako.

Ajira ya chuo kikuu kwenye soko la Marekani inaombwa kuanzia Novemba, mahojiano Desemba na Januari, ukiwa na makala moja kuu, wasifu, na kwa kawaida barua tatu. Makala hiyo moja inabeba karibu kila kitu.

Nje ya chuo, kazi ni nyingi na ni za haraka zaidi: mashirika ya biashara ya kimataifa ya WTO, UNCTAD na ITC yako Geneva, Kamisheni ya Uchumi ya Afrika iko Addis Ababa, Sekretarieti ya Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika iko Accra, na kwetu kuna taasisi za utafiti wa sera za KIPPRA, EPRC, REPOA na ESRF, pamoja na wizara za biashara. Hapo hutaulizwa nadharia. Utaambiwa: tupeni orodha ya bidhaa za kulinda. Mkataba wa bara unataka asilimia 90 ya mistari ya ushuru ifunguliwe (miaka 5, au 10 kwa nchi maskini zaidi), 7 ni nyeti, 3 zinaachwa nje, na hizo 3 zisizidi asilimia 10 ya thamani ya uagizaji kutoka Afrika. Kitabu chenye mistari 5,000 kina nafasi 150 tu za kuacha nje. Kila kiwanda kinataka kiwemo, nawe una wiki mbili.

Chombo kinachotumika sana hapo ni SMART, cha kukadiria athari za kubadili ushuru, kilichomo ndani ya WITS, hifadhidata ya biashara ya Benki ya Dunia. Ujue mipaka yake. Unyumbufu wa ubadilishanaji kati ya wauzaji umewekwa 1.5 na ugavi umewekwa 99, yaani muuzaji anaweza kuleta kiasi chochote kwa bei ileile. Na bidhaa ambayo leo hainunuliwi kutoka nchi fulani itabaki sifuri hata ushuru ukifutwa, kwa hiyo biashara mpya kabisa hakioni. Badilisha unyumbufu, endesha mara tatu, na mpe waziri masafa badala ya namba moja.

---

Bei_ya_Soko:

Dokezo dogo. Kwa nafaka, Comtrade ya mwaka inaficha mambo. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kwamba aflatoksini iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Ushuru ulikuwa 0 muda wote huo. Kiashiria cha EAC kilikuwa 1 muda wote huo. Ukitaka kuona vikwazo visivyo vya kiforodha, tumia bei za kila wiki za pande mbili za mpaka. Baraza la Nafaka la Afrika Mashariki huzikusanya kupitia RATIN, mtandao wake wa taarifa za soko. Pima pengo la bei kabla na baada ya katazo, na ulilinganishe na pengo kati ya miji miwili ya nchi moja yenye umbali sawa. Hakikisha tu gunia ni la kilo 90 pande zote mbili kabla ya kulinganisha, na kwamba shilingi zimegeuzwa kwa kiwango cha wiki hiyo, si wastani wa mwaka.

---

Kitabu_cha_Ushuru:

Nashukuru sana wakuu. Nimeamua: dunia nzima, PPML, athari tatu, kiashiria kwa mwelekeo, na sura ya pili ya kulinganisha Kenya na Rwanda dhidi ya Tanzania na Rwanda. Mauzo ya ndani nitaweka kwa viwanda tu. Kuna lingine la kulinda kabla sijaanza kuandika?

---

Mizigo_na_Karatasi:

Toleo la data. BACI hutolewa upya kila mwaka na miaka ya nyuma nayo hurekebishwa. Jina la faili lina toleo, mfano 202401. Liandike kwenye tasnifu, hifadhi faili ghafi kwenye folda ambayo huigusi, na kila badiliko, pamoja na ile misimbo ya Sudan, lifanyike ndani ya faili la amri za R au Stata, kamwe si kwa mkono kwenye Excel. Excel ina ubaya mwingine: inafuta sifuri za mbele, kwa hiyo kahawa mbichi, 090111, inakuwa 90111, na sura zote kuanzia 01 hadi 09 zinashindwa kuungana na faili la ushuru. Soma safu ya msimbo kama maandishi tangu mstari wa kwanza.